Wali wa Mkumi na Jina la Saba

Nikwambie ukweli, wifi yangu Apolonia ana kichwa kigumu, na kichwa hicho ndicho kilichotuponza. Hapa Kilangala ana kibanda cha kubangua korosho. Alianza na meza moja, leo ana mashine za mkono na wanawake wanaobangua kutwa, mafuta ya maganda yakiwababua vidole.

Mwaka huu akaamua kufuata sheria yote. Akajisajili kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ule ambao mwajiri huchangia sehemu ndogo ya mishahara anayolipa, ili mtu akiumia kazini atibiwe na alipwe. Mfanyakazi mwenyewe hakatwi hata senti. Wakampa fomu aandike majina ya watu wake na malipo yao. Balaa likaanzia hapo.

Maana wiki ile alikuwa ameita mkumi shambani kwake. Mkumi kwetu ni hivi: unawaita majirani, wanakuja na majembe kukupalilia mikorosho, wewe unapika. Walikuja watu arobaini na mmoja. Apolonia akawaandika wote kwenye fomu pamoja na wabanguaji wake sita, na wali akaupigia bei, eti ndio mshahara. Nilimwambia, wifi, hao si wafanyakazi. Akanifokea kwamba mtu amwage jasho shambani mwake halafu amfiche, yeye hana roho hiyo. Nikarudi kubangua, lakini nilichemka.

Barua ya makadirio ikaja. Mungu wangu wee, mchango wa watu arobaini na saba, kana kwamba wote wanafanya kazi kwake mwaka mzima! Apolonia aliisoma mara tatu, akakaa juu ya magunia. Akilipa ile, hana cha kununulia korosho ghafi, na kibanda kinafungwa. Nikamnyang'anya barua nikaisoma mpaka chini. Ilisema mwajiri asiyeridhika aandike pingamizi kabla ya mwisho wa mwezi, aeleze sababu na alete ushahidi.

Ushahidi gani sasa? Mkumi hauna risiti. Tukaandika pingamizi, kisha tukapita nyumba kwa nyumba kuomba watu watie saini kwamba hawakuajiriwa. Mzee Abdurahmani akaikataa kalamu, akasema atakwenda kusema kwa mdomo wake. Wengine nao wakadakia. Siku ya miadi tukajaa kwenye ofisi ile Lindi mjini, wengine na majembe yao mkononi.

Afisa, dada mmoja mpole, alimpa mzee shikamoo yake, akamuuliza alilipwa nini na Apolonia.

"Alinilipa shambani kwangu," mzee akasema. "Wiki iliyofuata alikuja kunipalilia, akashinda kutwa, nami nikampikia. Sasa kama mimi ni mfanyakazi wake, mwanangu, basi muandike na yeye kuwa ni wangu."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Wakafuata wengine, huyu kwake Apolonia alivuna mbaazi, yule kwake alifyeka. Afisa akapiga mstari kwenye jina la kwanza, la pili, mpaka la arobaini na moja. Raha niliyoisikia! Kigelegele kilinipanda, nikajiziba mdomo kwa kiganja.

Afisa akakiona kile kiganja, cheusi, kimebabuka.

"Na wewe ulikuja mkumi tu?"

Nikakificha kiganja kwenye khanga. Miaka minne nabangua kila siku, na kwenye fomu ile jina langu halimo. Majirani waliokula wali siku moja waliandikwa, mimi ni wifi, wa nyumbani, nani ataniandika? Jambo hilo ndilo lililokuwa likinichemsha tangu siku ya fomu.

Apolonia akaishika mikono yangu, akaigeuza, akaitazama kama mgeni. Machozi yakamlengalenga. Kichwa chake ni kigumu, lakini akikubali kosa hukubali lote.

"Ongeza mmoja," akamwambia afisa. "Huyu ndiye niliyemficha."

Barua mpya ilifika tukiwa kazini. Mchango wa watu saba, na Apolonia anaumudu. Alisimama katikati ya kibanda akasoma majina kwa sauti, moja moja, na la mwisho lilikuwa Stefania, mbanguaji. Hapo nikakipiga kile kigelegele nilichokimeza Lindi, na mikono yangu niliiweka juu, kila mtu aione.