Jirani Asiyepiga Makofi

Jirani wa Nyaberi pale Kimulot ni mama mchumaji chai, na vidole vyake vimeingia weusi wa majani usiotoka hata kwa sabuni. Wiki nzima vidole hivyo havitulii. Lakini Jumapili, Nyaberi akishika tu obokano yake, kinubi cha nyuzi nane, yule mama huvuta stuli, husukuma kitambaa nyuma ya masikio, huweka mikono magotini na kufunga macho. Vidole hulala kabisa. Maharagwe yataungua jikoni, kuku wataingia mpaka kitandani, yeye hatikisiki. Wimbo ukiisha hapigi makofi. Hushusha pumzi tu, kama mtu aliyemaliza kuomba.

Jumapili moja ya mwaka wa sitini na nane, kijana wa redio alikuja na mashine ya kurekodi. Nyaberi akapiga, watu wakashangilia, kijana akaanza kufunga mizigo. Ndipo mama akafungua macho.

“Uzi wa tatu umelegea.”

“Aa, mama! Hata mashine haijasikia hiyo. Na gari linaningoja.”

“Basi beba mashine yako uende. Wimbo uache hapa.”

Watu wakaangua kicheko. Nyaberi alijua gari likiondoka, redio haitarudi tena Kimulot. Hata hivyo hakubishana. Alikaza uzi wa tatu, akapiga upya, kifua mbele, maana ni wapigaji wangapi wana msikilizaji kama huyu?

Wimbo ulipoisha, kijana hakugusa mizigo. Alimgeukia mama, akangoja afungue macho.