Gauni la Kuwapokea Marais

Atswei fundi cherehani hakuwa mtu wa kutulia. Hapa mtaani Osu tulizoea kumwona akila kenkey yake, donge la unga wa mahindi, amesimama, mguu mmoja nje ya mlango. Wiki ile marais wa Afrika nzima walipokuwa wanakuja Accra kukutana, alizidi. Kaka yake, Okai, alikuwa ndani tangu Pasaka kwa mzaha wa kilabuni kuhusu wakubwa, na Mama Ayeley, kiongozi wa wanawake wa chama, alikuwa ameahidi kumsemea.

"Nishonee gauni la kupokelea wageni," mama huyo alimwambia Atswei. "Nikipendeza, huyo kaka yako nitamtaja mezani kwa wakubwa."

Kitambaa kilijaa nyuso za marais. Atswei alikata huku akili yake iko gerezani. Alipokwisha kuunga sketi ndipo alipoona: rais wetu mwenyewe, na tabasamu lake, amekaa sawasawa kwenye makalio. Kitambaa kingine hakikuwepo. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia? Akaongeza shuka jeupe la kujifunga kiunoni.

"Usilivue, mama. Ndiyo mtindo."

"Mtindo wa nani, wa vikongwe? Haya, nizeeshe tu."

Uwanja wa ndege tulijaa tukiimba. Mgeni wa kwanza akashuka. Na kwetu mgeni wa heshima hakanyagi ardhi tupu, wanawake humtandikia nguo zao. Nani amtangulie Mama Ayeley? Akalifungua shuka, akainama, akatandika. Sisi wa nyuma tukaiona sura. Mmoja akacheka, kisha safu nzima.

Atswei akapenya, akavua shuka lake mwenyewe, akamfunga Mama Ayeley kiunoni.

"Nisamehe, mama. Nilikata vibaya. Wewe umemkalia rais."

Mama Ayeley aliendelea kuwapungia wageni. "Nyamaza. Funga vizuri, uondoke."

Askari mmoja akasogea. "Mama, wanacheka nini hawa?"

"Wanafurahi, mwanangu. Marais hawaji kila siku."

"Na gauni hili kashona nani?"

"Mafundi wako wengi. Simkumbuki."

Maskini, tulishukuru. Jioni ile Mama Ayeley alikaa meza moja na wakubwa, akala, akacheka nao, na jina la Atswei halikumtoka mdomoni. La Okai pia halikumtoka.