Beki wa Songo Songo aliyefutwa kwa utani wa msibani

Lindi. Saa moja asubuhi Kijakazi Mpili ameshalowa hadi magotini. Anavuta mnyororo wa winchi, kopo refu la bati linapanda kutoka kwenye tangi la maji ya chumvi, analizamisha kidogo kwenye beseni la maji ya kawaida, kisha analipindua. Bonge la barafu linachomoka na kuteleza sakafuni hadi mlangoni. Yeye analifuata kwa ndoano yake ndefu, analielekeza kushoto, kulia, huku macho yake yakiwa kwa wachuuzi wa samaki waliojipanga na maboksi yao.

“Pisheni, pisheni! Nikikuvunja goti usije kwangu kudai,” anawaambia.

Anayecheka kuliko wote ni Leonadi Nandonde, fundi wa kompresa katika kiwanda hiki kidogo cha barafu karibu na soko la samaki. Leonadi ni Mmakonde. Mama yake Kijakazi ni Mmwera. Kwa hiyo wawili hawa ni watani, na hawapumzishani.

“Huyu siku akifa naingia mimi kwanza kaburini,” Leonadi anamwambia mwandishi wa makala haya. “Nalala humo. Nasema simpishi mvivu huyu mpaka nipewe jogoo. Na watanipa.”

“Watakupa kifaranga,” anajibu Kijakazi.

Msomaji wa kusini hahitaji kuelezwa. Kwa wengine: huku kwetu mtani akifiwa, au akifa, mwenzake anakwenda msibani kufanya kazi yake. Anamsema marehemu kwa uvivu na ubahili, anazuia jeneza, anadai chochote kitu. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na huo ndio msaada. Msiba usio na watani watu huondoka wakijiuliza marehemu aliishi vipi na wenzake.

Kwa kufanya hivyo, na hakuna kingine, Kijakazi Mpili amefukuzwa, si kiwandani bali katika ligi ya hoki ya barafu ya mtandaoni, na kazi yake ya miaka minne huko ikafutwa asubuhi moja. Hakuulizwa hata swali moja.

Kijakazi ana miaka arobaini na saba, mama wa watoto watatu, mkazi wa Mtanda. Anapoulizwa alianzaje hoki ya barafu, mchezo ambao hajawahi kuuona kwa macho, anacheka kwanza.

“Mashine ilikuwa imekufa, tumekaa tu. Nikawa natafuta kwenye simu kwa nini barafu yetu inatoka nyeupe katikati na kupasuka. Ikatokea video ya wanaume wamevaa visu miguuni, wanakimbizana juu ya barafu, wanagombania kisahani cha mpira. Nikasema hee! Kumbe barafu watu wanaichezea? Sisi hapa tunaililia.”

Kutoka video hadi video, akaangukia kwenye ligi ya kuigiza. Wanachama wake wako dunia nzima, na kila mmoja anabuni mchezaji mmoja asiyekuwepo: anampa jina, umri, mahali alipozaliwa na nafasi ya kucheza. Mechi zinachezwa na kompyuta. Mwenye mchezaji anamkuza mtu wake kwa kufanya kazi ndogondogo za ligi, kama kuandika taarifa za mechi na kubashiri matokeo. Asiyefanya kazi, mchezaji wake anabaki dhaifu. Msimu mmoja ni miezi miwili na nusu hivi, na wachezaji wanazeeka na kustaafu.

Kijakazi akambuni beki. Akamwita Yunusu Mpili, mzaliwa wa Songo Songo, Tanzania.

Jina hilo ni la baba yake. Mzee Yunusu Mpili alikuwa mvuvi wa kisiwa hicho, akafariki akiwa amezaa mabinti watano, bila mtoto wa kiume.

“Wajukuu wawili wamepewa jina lake,” anasema Kijakazi. “Lakini mmoja ni Yunusu Rashidi, mwingine Yunusu Hamisi. Wanaitwa kwa baba zao, ni haki yao. Yunusu Mpili hakuna tena. Nikaona basi, huyu nitamzaa mimi.”

Hakuna timu iliyomtaka Yunusu. Siku ya kuchagua chipukizi alichukuliwa karibu na mwisho, na msimu wa kwanza alikaa benchi. Mama yake wa kubuni, kama wenzake wa kiwandani wanavyomwita Kijakazi, alikuwa akila ugali kwa mkono mmoja na kuandika taarifa kwa mwingine, akitumia programu ya simu kutafsiri Kiswahili chake. Bando likiisha aliomba mtandao kwa Leonadi, akapewa pamoja na masimango.

Msimu wa tatu Yunusu akaanza kucheza. Wa tano akapewa unahodha. Timu ikamuuza, akaenda kwingine, na huko msimu wa tisa akabeba kombe baada ya kuzuia kisahani kwa kifua dakika ya mwisho. Mtu wa nchi ya mbali aliandika taarifa ya mechi hiyo akasema uwanja mzima ulisimama ukiita, “Mpili! Mpili!” Kijakazi aliichapisha taarifa hiyo dukani mjini na kuibandika chumbani kwake.

“Uwanja wenyewe haupo, najua. Mimi si mwendawazimu,” anasema. “Lakini jina waliliandika.”

Yunusu alistaafu baada ya misimu kumi na tisa, magoti yamechoka kwa hesabu za kompyuta, akiwa miongoni mwa mabeki watano bora katika historia ya ligi. Wanachama wakampigia kura aingie katika Ukumbi wa Heshima. Alipita. Ilibaki sherehe tu.

Hapo ndipo alipofariki Alex.

Alex alikuwa dereva mstaafu wa treni katika nchi moja ya theluji kaskazini mwa Ulaya. Mchezaji wake alikuwa mshambuliaji aitwaye Stefano, na Stefano na Yunusu waligongana misimu yote. Siku moja Alex alimwandikia Kijakazi: “Wewe unauza kitu ambacho mimi nakiondoa mlangoni kwa koleo kila asubuhi.” Kijakazi alicheka mpaka akaweka ndoano chini. Akamjibu kwamba mtu anayepewa barafu bure na Mungu halafu anaitupa ni mtani wake, akamweleza utani ni nini, wa harusini na wa msibani. Tangu siku hiyo hawakusemezana vizuri tena, kwa maana ile nzuri.

Habari za kifo chake zilibandikwa kwenye ubao wa ligi. Ukafunguliwa ukurasa wa rambirambi. Watu wakaandika pumzika kwa amani, pumzika kwa amani, wakaweka mioyo na mishumaa.

“Nilimkuta analia pale kwenye tangi,” anakumbuka Leonadi. “Nikamuuliza nani? Akasema mtani wangu. Nikamwambia sasa unalia nini, wewe ndiye wa kulia? Nenda kamzike.”

Kijakazi akajifuta uso, akaandika. Mwandishi ameyaona maneno yenyewe, bado yamo kwenye simu yake:

“Afadhali ameondoka. Miaka minne ametuchosha na Stefano wake anayekimbia kama kaa aliyekunywa gongo. Treni alikuwa anaichelewesha makusudi ili apige usingizi. Sasa mimi nimelala ndani ya kaburi lake, baridi naijua, ndiyo kazi yangu. Sitoki mpaka watoto wake wanipe kuku, na asiwe mkondefu.”

Programu ya simu ilitafsiri vizuri. Mwandishi amemwonyesha mwalimu wa Kiingereza wa hapa mjini, naye hakukuta kosa. Kila neno lilifika, ila wasimamizi wa ligi hawakujishughulisha kumuuliza aliyeliandika.

Kabla ya adhuhuri maneno yake yalikuwa yameondolewa na akaunti yake imefungwa. Ujumbe ulisema amemdhihaki marehemu, ametishia familia yake na kudai malipo. Yunusu Mpili akatolewa katika orodha ya Ukumbi wa Heshima. Ukurasa wake ukafutwa, na katika kikosi kilichobeba kombe, mahali pa beki wa kushoto, sasa pameandikwa “mchezaji aliyeondolewa”.

Kutishia! Mwanamke anayesukuma barafu Lindi atamtishia nani huko, kwa kuku?

Inaudhi, na inaudhi zaidi ukitazama walioachwa. Katika Ukumbi huohuo wa Heshima yumo mchezaji ambaye mwenye naye alikamatwa akiendesha akaunti mbili ili ajipigie kura. Alionywa, akasamehewa. Yumo mwingine ambaye mahali pake pa kuzaliwa pameandikwa “mwezini”. Mwezini ni sawa. Mtu wa Songo Songo mwenye desturi za kwao ndiye ameonekana hafai.

Mwandishi aliwaandikia wasimamizi akiwaeleza utani ni nini. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, mistari miwili: sheria ni moja kwa wanachama wote. Ndiyo, ni moja, na imeandikwa na watu ambao msibani kwao hakuna anayecheka. Tumezoea kuambiwa tujifunze desturi za wengine kabla hatujaingia sebuleni kwao. Kijakazi alijifunza, misimu kumi na tisa, kwa bando lake. Wao hawakujifunza lolote kwake, na bado wamemhukumu.

Hapa mjini nako hakupata wa kumlilia. Dada yake, Naima, anayeuza vitenge sokoni, hafichi mawazo yake.

“Mimi nilimwambia, dada, ni mchezo wa watoto huo. Mtu mzima unalilia mtu wa kwenye simu?” anasema. Kisha anakunja kitenge. “Ila aliponionyesha pale walipofuta jina la baba, nami iliniuma. Sitasema uongo.”

Wiki tatu baada ya kufukuzwa, Kijakazi alipata ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua. Alikuwa binti yake Alex. Alisema amemtafuta kwa shida, kwa sababu hakuyakuta maneno yake kwenye ukurasa wa rambirambi, na yeye aliingia kwenye ukurasa ule kuyatafuta maneno hayo tu.

Alieleza kwamba baba yake alikuwa akiwasomea matusi ya Kijakazi mezani wakati wa chai. Siku za mwisho hospitalini, akiwa hawezi tena kushika simu, aliwaambia wanawe: “Nikifa atakuja mwanamke wa barafu kunisema vibaya. Msikasirike. Nimemngojea miaka minne.”

Kijakazi alimtumia yale maneno. Binti akajibu kwamba waliyasoma kwa sauti nyumbani, na mama yao, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, alicheka kwa yule kaa. Akauliza kuku anatumwaje Tanzania.

“Niliposoma hapo nilikaa chini kwenye maji,” anasema Kijakazi. “Leonadi akadhani nimeteleza.”

Binti huyo hakuishia kucheka. Aliwaandikia wasimamizi akiwataka wamrudishe Yunusu, au wamtoe Stefano katika Ukumbi wa Heshima, kwa kuwa baba yake asingekaa mahali ambapo mtani wake amefukuzwa. Wanachama kadhaa wakamuunga mkono. Wasimamizi wakaona mambo yanaharibika, wakatoa sharti: Yunusu Mpili atarudi, na ukurasa wake, na kombe lake, iwapo Kijakazi ataomba radhi hadharani kwa kumtukana marehemu. Hata maneno ya kuomba radhi wamemwandikia wao, yeye aweke jina tu. Mwisho ni Ijumaa hii.

Katika familia iliyotukanwa, kama kweli ilitukanwa, hakuna aliyedai kuombwa radhi. Wanaodai ni wasimamizi, kwa niaba ya watu ambao wamewaambia hawahitaji.

Naima anataka dada yake akubali. “Andika tu samahani, inakugharimu nini? Jina la baba lirudi. Si ndilo ulilokuwa unalitafuta?”

Leonadi, ambaye kwa kawaida ana neno kwa kila jambo, safari hii amesema uamuzi ni wa mwenyewe.

Mchana, wachuuzi wameondoka na barafu yao na sakafu imeanza kukauka pembeni. Kijakazi ameketi juu ya kopo lililopinduliwa, simu mkononi, yale maneno aliyoandikiwa yakiwa mbele yake. Ameyasoma mara nyingi. Anasema usiku amemwota baba yake.

“Nalitaka jina lile, mwanangu. Usiandike kwamba silitaki,” anasema. “Kila siku nafungua pale nione kama wamelirudisha.”

Matumaini yake ni uchaguzi wa wasimamizi wapya mwishoni mwa msimu. Binti yake Alex amerithi kiti cha baba yake katika ligi na ametangaza kwamba atagombea. Akishinda, shauri la Yunusu litafunguliwa upya. Asiposhinda, mlango utakuwa umefungwa, kwa sababu sharti la Ijumaa halitatolewa mara ya pili. Kijakazi anajua hivyo. Jibu lake ameshaliandika, na Ijumaa atalituma kwa mkono wake.

Amekataa.

“Nikiomba radhi nitakuwa nimekubali kwamba nilimtukana maiti, na wale watoto wake watakuja kusoma kwamba matusi yalikuwa matusi kweli. Baba yangu asirudi kwa njia hiyo. Alex alikuwa hana mtani mwingine. Waambie, na uandike hivihivi: sikumtukana. Nilimzika.”