Shangazi Kinyozi Alipomnunia Mungu

Mtaani walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa kinyozi, mwanamke pekee mwenye kazi hiyo pale, na mwanzoni wanaume walipita mbele ya kibanda chake wakijifanya wana safari zao. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi. Wembe ulipita shingoni usiusikie. Ikawa hata waliomcheka wanabanana kwenye benchi kungoja zamu.

Mumewe, dereva wa lori, walimpachika jina la Redio, maana akishaanza kusimulia hakuna wa kumzima. Akirudi safarini alikaa papo hapo kwenye benchi, akatia chumvi kila kisa, mpaka mkewe anazima mashine acheke kwanza, asije akamkata mtu sikio.

Asubuhi moja Redio aliinuka kitandani, akaanguka. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia umepooza na maneno yamemwisha. Lililobaki ni "hapo" tu. Akitaka maji, hapo. Akikasirika, hapo. Akimwita mkewe, hapo.

Shangazi alijifunga kibwebwe. Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza, kisha akaenda kufungua kibanda huku wifi yake akishika zamu nyumbani. Wateja walimwona mchangamfu vilevile. Wasichojua ni kwamba alikuwa ameacha kuomba. Hakumkana Mungu, alimnunia. Kanisani alikaa nyuma, na wenzake walipofumba macho yeye alitazama feni ikizunguka.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akakohoa, akasema pengine kuna jambo ambalo nyumba hii inapaswa kulitubia. Shangazi alimsogezea kikombe.

"Mzee wangu, kama umekuja kutupa pole, karibu sana. Kama umekuja kutafuta makosa, yangu nayajua, na Mungu anayajua. Kunywa chai, inapoa."

Mzee akanywa. Wifi alikimbilia uani akacheke huko.

Jumamosi iliyofuata, mchana, Shangazi alikuwa akimnyoa mumewe ndevu karibu na dirisha. Akamshika kidevu, akaona machozi yanachuruzika ndani ya povu la sabuni. Tangu augue hakuwahi kumwona akilia. Alitafuta neno la kumwambia, yeye aliyeshinda akiongea na watu kutwa nzima, akalikosa. Mdomo ukashika ulichofundishwa utotoni: akaanza Sala ya Bwana, kwa sauti ya chini, bila hata kukusudia. Alipofika penye mkate wa kila siku, kilio kikamkatiza.

Redio akaendelea. Maneno yalitoka mazito, yakiburutwa, lakini yalikuwa maneno, kila moja mahali pake, hadi amina.

Wembe ulibaki hewani. Wifi alikuja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Kaka amesema?"

"Amesali," Shangazi akajibu, akakaa sakafuni.

Daktari aliwaeleza baadaye kwamba yaliyokaririwa tangu zamani huweza kusalimika hata pale usemi unapoharibika, na wasitegemee kwamba mengine yatarudi. Shangazi alimshukuru, hakuona cha kubishania. Njiani akamwambia wifi yake: "Mimi nilidhani Mungu ametuhama. Kumbe alikuwa amekaa pale ambapo ugonjwa haukufika."

Na kweli, mengine hayakurudi. Redio hakusimulia tena kisa hata kimoja. Zilikuwepo siku ambazo Shangazi alichoka, akalia huku akiosha sahani. Ila sasa alimlalamikia anayehusika, Mungu mwenyewe, kwa sauti, bila kumficha kitu; na kila jioni alianza sala, mumewe akaimalizia.

Tangu hapo, akisikia nyumba fulani ina mgonjwa, hufunga kibanda mapema na kwenda na vifaa vyake kumnyoa. Hamwulizi mtu dhambi zake. Mke wa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa ameungua vibaya kazini, alimshika mkono akamwuliza Mungu atakuja lini.

Shangazi alikuwa akimpangusa mgonjwa nywele shingoni.

"Kwako sijui nikwambie nini, mwanangu," akasema. "Mimi nilimnunia, na hakuondoka. Lete maji ya vuguvugu, tumwoshe kichwa."