Chupa Iliyooshwa Vizuri

Mimi Domitila si mtu wa kushtuka ovyo, lakini ya siku ile kwenye mzani wa pamba yalinishtua.

Jirani yangu Milembe, ambaye hapa Zagayu tunamwita Mama Kija ingawa Kija alishafariki akiwa mdogo, analima pamba bila sumu. Tuko kikundi kizima. Pamba yetu inanunuliwa na kampuni ndogo ya ng'ambo, watu wachache tu wanaoshona nguo za watoto wachanga. Bei yao inashinda ya wengine, wametuletea mwalimu wa kilimo, na nyongeza yao ndiyo iliyotuchimbia kisima. Zamani tulikuwa tunafukua mchanga mtoni, tunagombania maji na ng'ombe. Sharti lao ni moja: dawa ya dukani isiguse shamba. Ukidanganya ukagundulika, kikundi chote kinaachwa.

Basi Mama Kija akaenda Bariadi kumuuguza mama yake. Huku nyuma Nyanda, mdogo wa marehemu mume wake, akaona wadudu wanamaliza pamba ya shemeji. Nyanda hayumo kikundini, ila ana huruma, na kwetu shamba la mjane wa kaka yako huliachi life. Akakusanya vijana wenzake wakapiga dawa shamba zima, bila kudai hata kikombe cha togwa. Chupa tupu akaisugua kwa mchanga na sabuni mpaka ikang'aa, akamwekea mlangoni awe anatilia mafuta. Zawadi juu ya msaada, jamani.

Mama Kija aliporudi nilimkuta amekaa chini, chupa mbele yake. Nikamwambia, "Nyamaza, mwenzangu. Pamba haina mdomo. Ukisema unatolewa, na watoto wako wanasoma kwa pamba hiyo hiyo." Akaichukua chupa, akaingia nayo ndani.

Siku ya kupima, Nyanda alikuja kumbebea shemeji yake magunia. Mnunuzi akatoa kishati kilichoshonwa kwa pamba yetu ya msimu uliopita, kidogo kama kiganja, tukawa tunapokezana na kucheka. Kilipomfikia Mama Kija hakucheka. Akasimama na ile chupa mkononi.

"Pamba yangu msiichanganye na ya wenzangu. Imepigwa dawa," akasema. "Najua natoka kikundini. Lakini hiki kinavaliwa na mtoto wa mtu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe alikuwa hajamaliza.

"Kija mlisema karogwa, na mimi nikaitikia. Bibi wa watu akasingiziwa mpaka akahama. Kija alikunywa maziwa kwenye chupa kama hii. Niliiosha mwenyewe, vizuri kuliko hii. Huyu mwalimu wa pamba ndiye aliyenifundisha kwamba sumu ya chupa haiishi kwa kuosha. Tangu siku hiyo nashindwa kulisema."

Mimi niliyekesha msibani, niliyemtaja yule bibi kwa jina lake, nikarudi nyuma ya magunia.

Nyanda akaondoka mbio. Mtu akaguna kwamba hapo undugu umekwisha. Baadaye tukamwona anarudi anahema, kiroba begani, akakimwaga miguuni pa shemeji yake. Chupa tupu za dawa, zote zimeoshwa, zote zimetoka jikoni kwake.

"Watoto wazima?" Mama Kija akamuuliza.

"Wazima, shemeji. Mpaka sasa."

Chupa moja ilikuwa bado ina maziwa, yamenywewa nusu.