Neno Alilolipiga Chapa Miaka Thelathini

Miaka thelathini Dulcie alipiga chapa wosia wa watu katika ofisi ya wakili mmoja Nairobi, na hakuna aliyemkuta na kosa. Hata sasa, akiwa mjane wa miaka themanini kwenye ghorofa ya kumi na nne huko ughaibuni, mtaa wa St. James Town, msimamo wake haukubadilika: bila karatasi, hakuna kitu.

Kwa msimamo huo alimnyima Lester fidla. Mumewe, Agostinho, akiwa taabani hospitalini, alimwambia mbele ya padri, "Fidla mpe Lester." Lester ni mtoto wa dada yake Agostinho, na Agostinho ndiye aliyemfundisha kuipiga. Baada ya mazishi Lester alikuja kuiulizia kwa adabu. Dulcie akamwuliza karatasi iko wapi. Lester akaaga, na kwa miaka mitatu hakukanyaga tena pale. Fidla ilibaki juu ya kabati, na kila alipoipangusa vumbi roho ilimuuma.

Jumamosi moja mjukuu wake, Savia, alikuwa akiandika kwenye kompyuta wosia wa Dulcie mwenyewe. Kwa mazoea Dulcie akatamka neno la Kiingereza la ofisini, "bequeath". Savia akamgeukia.

"Nana, hili neno la kizamani lilitoka wapi?"

Dulcie alikuwa ameliandika mara maelfu, hajawahi kuuliza. Savia akafungua kamusi kwenye simu, akasoma taratibu: leo ni kumwachia mtu mali kwa wosia, lakini katika Kiingereza cha kale asili yake ni kusema. Enzi hizo mtu alitamka mbele ya mashahidi nani achukue nini, na ikatosha.

"Kusema tu?"

"Kusema tu, Nana."

Neno ambalo Dulcie alidhani limezaliwa na wino kumbe lilikuwa sauti ya mtu, na sauti ya Agostinho aliisikia kwa masikio yake, padri akiwa shahidi. Alistaajabu, akaogopa, akaona haya, vyote kwa pamoja. Miaka yote hiyo amekuwa akigusa kitu kikubwa kwa ncha za vidole, asikijue.

Akamwomba Savia ampigie Lester simu. Kesho yake Lester alifika kutoka mtaa wa Agincourt, theluji mabegani, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Habari za siku nyingi, Anti."

Dulcie alikuwa ameshaiteremsha fidla. Karatasi hakuandika.

"Agostinho alisema hii ni yako," akamwambia. "Nilikuwepo. Nilimsikia."

Lester hakunyoosha mikono. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Rudia, Anti."

Akarudia.