Diski Zilizofukuza Ndege

Niliikuta baraka ya mama yangu ikining'inia shambani, imefungwa kwa uzi wa katani, ikifukuza ndege wasile mtama. Hayo si mafumbo. Kakangu mdogo alikuwa ametundika CD kuukuu za nyumbani kwenye vijiti, kule kwenye shamba lake la chini, upande wa joto, kama wafanyavyo majirani zake wote. Katikati ya zile kubwa za kwaya na sinema zilikuwamo tatu ndogo za kujaa kiganjani. Nilizijua mara moja, nikakata uzi kwa meno.

"Umemtundika mama shambani?" nilimfokea.

"Sister, hizo ni blank. Tumetry kwa deki ya kila mtu hapa, inaandika tu No Disc. Sasa ungetaka nizifanyie nini?"

Nilitaka kumpiga kofi. Nina miaka zaidi ya hamsini, naye ana wajukuu, lakini nilitaka.

Kisa chenyewe kilianza zamani. Niliolewa Embu na mwanamume ambaye mama hakumtaka. Alisema aliyemwacha mke wa kwanza atamwacha na wa pili. Nilimjibu palepale jikoni, mbele ya wageni, neno ambalo mtoto hamwambii mzazi, nikabeba sanduku langu nikaenda. Mume huyo hajaniacha hadi leo, ila kushinda ubishi ule hakujanifaa kitu.

Miaka ikapita tukisalimiana kwa kutumiana watu. Kisha mama akaugua, akalazwa Meru mjini, akapona, na kakangu akaandaa ibada ya shukrani nyumbani, kule upande wa Kinoru. Siku hiyo mama angewaita watoto wake mmoja mmoja. Unaketi kwenye kigoda mbele yake, anachovya vidole katika kikombe cha maziwa, anakudondoshea kifuani na kukutamkia mema ya maisha yako. Sisi ni watu wa kanisa na mchungaji alikuwepo, lakini maziwa hayo hakuna mchungaji aliyewahi kuyakataza.

Nilialikwa. Sikwenda. Nilisema nina kazi ofisini, siku ya Jumamosi, katika ofisi isiyofunguliwa Jumamosi. Kilikuwa kiburi tu. Jioni kakangu akanipigia simu.

"Sister, mama amekubariki. Amekutaja kwa jina. Iko kwa zile CD ndogo za mpiga picha, siku moja utaona."

Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni kwangu, hapa mtaa wa Majimbo, Embu, nikalia mpaka pua ikaziba. Nikajiambia, basi, imekwisha.

Mama aliishi miaka miwili zaidi, nami nikaanza kwenda kumwona, kila Pasaka na kila Desemba. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilibeba sukari, unga wa ngano, leso mpya. Nilimkuta kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, kigoda mbele yake. Niliweka mizigo juu ya kigoda, nikanywa chai, nikampa habari za watoto, nikaondoka kabla magari hayajawa haba. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliitazama ile mifuko, kisha akanitazama mimi. Nilifikiri ni uzee tu, au labda haridhiki, na safari iliyofuata nikaongeza sukari.

Alipokufa nilimzika kwa moyo mweupe. Nililia, ndiyo, lakini nililia kama mtoto aliyebarikiwa.

Mwaka huu binti yangu amepata mchumba. Kwetu, mama hampi binti asichopewa yeye mwenyewe, na siku ya kumtoa binti nilitaka kumtamkia maneno yaleyale niliyotamkiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo nilihitaji kuyasikia. Ndiyo maana nilikwenda kumuuliza kakangu CD ziko wapi, na ndiyo maana alinipeleka shambani akijikuna kisogo.

Nilizipeleka kwa mwanamke mmoja Embu mjini, fundi wa kompyuta. Alizigeuza kwenye mwanga, akacheka kidogo.

"Mum, hizi si blank. Ni vile hazikufungwa."

Akanieleza kama anavyoelezwa mtu wa rika langu, polepole. Kamera za wakati ule zilirekodi moja kwa moja kwenye hizi diski ndogo. Ukimaliza, ilibidi uiagize kamera ifunge diski, yaani iandike mwanzoni orodha ya yaliyomo. Usipofunga, ni kamera ileile tu inayoweza kuisoma. Deki nyingine hutafuta orodha kwanza, na isipoipata husema hakuna kitu. Mpiga picha wetu hakufunga, na kamera aliiuza zamani. Picha zilikuwamo muda wote huo.

"Lakini hii jua ndio mbaya," akasema. "Nani aliziweka kwa jua?"

Nikamwuliza kama bado zitasomeka. Alikuwa na programu inayosoma diski kipande kwa kipande bila kuuliza orodha. Aliniambia nirudi baada ya siku mbili. Niliporudi, diski mbili zilikuwa zimekataa kabisa. Ya tatu ilitoa dakika tisa.

Akanivutia kiti, akageuza skrini. Mama alikuwa pale. Nilikuwa nimesahau kwamba aliinamisha kichwa upande mmoja akisikiliza. Kakangu aliketi kwenye kigoda, akadondoshewa maziwa, akaambiwa ng'ombe wake wazae. Picha ikavunjika vipande vya kijani, ikarudi. Dada yetu mkubwa akaketi, akaambiwa asichoke. Nilingoja jina langu huku nimeshika mkoba kwa mikono miwili.

Kisha ikasikika sauti ya kakangu kwa Kimeru, "Na yule wa Embu, mama?"

Mama akaweka kikombe chini.

"Maziwa hayamwagiwi upepo," akasema. "Huyo atakuja mwenyewe, aketi hapa." Akakipiga kigoda kwa kiganja mara mbili. "Hiki kisiondolewe. Namngoja."

Picha ikaganda hapo, kiganja kikiwa juu ya kigoda. Fundi akaniuliza kama huyo aliyesema ni mama yangu. Nikamwambia ndiye, nikamwomba anipe maji.

Nilimpigia kakangu nikiwa nje ya duka. Aliuliza, "Ilitoka?" kabla hata ya kunisalimu, nikajua alikuwa anajua. Nikamwambia imetoka.

"Ulidanganya," nikasema.

"Ulikuwa unalia kila ukipiga simu, sister. Nilidhani nakusaidia. Na ulianza kuja. Nilidhani utakuja tu, mtaongea."

Kama alizitundika shambani akijua hazikuwa tupu, hakusema, na mimi sikuuliza. Nimemkasirikia mpaka ninashindwa kulala. Angeniambia tu kwamba mama ananingoja, ningepanda gari siku hiyohiyo. Au nasema hivyo kwa kuwa leo haiwezekani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja hata binti aolewe.

Naye binti ananiuliza kila siku kama ile video imepatikana. Namwambia bado.

Kakangu alisema kweli katika jambo moja, na ndilo linaloniua. Kweli nilikwenda. Pasaka mbili, Desemba mbili, nilisimama mbele ya mama, hatua moja tu. Kigoda kilikuwa pale, kimepanguswa, kimeelekezwa kwangu. Nami kila mara niliinama nikaweka sukari juu yake.